Nakala iliyochomekwa kwenye seva haitoshi

Ndugu, umeuliza kama diski ya nje inayokaa imechomekwa kwenye seva ya SACCOS yenu inatosha kuwa nakala rudufu. Haitoshi. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia kitaifunga na diski hiyo, na ofisi ikiungua vyote viwili vimekwenda.

Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliangusha mtandao wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Seva zake za kusimamia watumiaji zilifutika. Ikanusurika moja Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na haikuwa kwenye mtandao! Msitegemee bahati ya namna hiyo.

Nunueni diski mbili za kupokezana, moja ikae nje ya ofisi, imechomolewa. Halafu lile ambalo wengi hulikwepa: kila mwezi rudisheni data kwenye kompyuta nyingine, fungueni akaunti ya mwanachama mmoja, mlinganishe salio lake na stakabadhi. Andikeni na muda mliotumia, bodi iamue kama wanachama wanaweza kusubiri kiasi hicho. Nywila ya msimamizi isitumike kwa kazi za kila siku. Na namba za watu wa kupigiwa ziwe kwenye karatasi, maana siku ya janga hata barua pepe huenda isifunguke.