"Kuningas" ya Kifini imetoka wapi?

Umeuliza kama Kifini ni ndugu wa Kijerumani, maana "kuningas" (mfalme) inafanana mno na "König". Si ndugu. Kifini ni cha familia ya Kiurali. Neno hilo kilikopa zamani sana kutoka Kigermaniki cha awali, lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na Kiswidi.

Lugha hiyo haikuachwa kwa maandishi, kwa hiyo wanaisimu wameliunda upya neno lenyewe kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo: *kuningaz. Kinyota cha mbele ndicho kinachoonyesha hivyo. Shina lake ni *kunją, "ukoo", kwa hiyo mfalme ni mtu wa ukoo, yaani wa ukoo bora. Kwa Waingereza likawa "king", kwa Waholanzi "koning".

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba wenye neno wenyewe, kama Waingereza, Wajerumani na Waholanzi, waliukata ule mwisho wa -az, na mkopaji akautunza! Kifini na Kiestonia bado wanasema "kuningas" kamili. Waslavi nao walilichukua: kwa Warusi "knyaz" ni mwana wa mfalme au mtawala, ila kwa Wapolandi "ksiądz" ni padri, sawa na "kunigas" ya Kilithuania.