Meneja anasimamia, anaongoza au anatawala?

SWALI: Ninaandika insha ya chuo kuhusu dhana za msingi za menejimenti na nimekwama mapema. Kitabu kimoja kinasema usimamizi, kingine uongozi, kingine utawala, na vyote vinaonekana kueleza jambo lile lile. Mwalimu wangu naye ameizungushia kalamu nyekundu sentensi hii: "Meneja anacheza jukumu muhimu katika kutawala na kupanga wafanyakazi." Kosa liko wapi?

JIBU: Makosa ni matatu, na lililo dogo kabisa ndilo linaloudhi zaidi. Lakini tuanze na majina, maana humo ndimo ulimokwama.

Neno usimamizi limetokana na kusimama. Tia kiambishi cha kutendea, unapata kusimamia: kusimama kwa ajili ya kitu, au juu yake. Tazama wanaoitwa wasimamizi. Msimamizi wa mtihani hafanyi mtihani. Msimamizi wa mirathi harithi kwa sababu ya usimamizi wake. Msimamizi wa ujenzi si lazima awe mwenye nyumba. Kitu si chake, lakini kikiharibika ataulizwa yeye. Sijui neno jingine linaloieleza kazi ya meneja vizuri kuliko hili, kwa kuwa meneja naye mara nyingi si mwenye mali. (Ila angalia viambishi vyako: meneja anayesimamia kazi na meneja anayesimamisha watu kazi hawapendwi kwa kiasi kimoja.)

Tatizo la usimamizi ni upana wake. Nyapara anayehesabu vibarua asubuhi ni msimamizi, na anayeamua kampuni nzima ielekee wapi miaka kumi ijayo ni msimamizi pia. Ndiyo maana menejimenti haijaondoka mdomoni mwa watu, na sioni sababu ya kuifukuza. Itumie kwa taaluma yenyewe, "somo la menejimenti", na kwa kundi la wakubwa wa taasisi, "menejimenti imekataa ombi hilo". Hapo iko katika umoja, ngeli ya i-: menejimenti imekataa, si wamekataa. Cheo cha meneja ni umeneja. Na meneja akiwa na wenzake ni mameneja wamefika. "Mameneja yamefika" ni ya kutania tu.

Uongozi unadai wafuasi. Mtu anaweza kupewa umeneja kwa barua leo, na hadi mwisho wa mwaka asiwe na hata mmoja anayemfuata kwa moyo. Kinyume chake pia hutokea: mfanyakazi asiye na cheo chochote akisema twendeni, watu wanakwenda. Kwa hiyo uongozi ni sehemu moja ya kazi ya meneja, si jina la kazi nzima. Najua magazeti huandika "uongozi wa kampuni umetangaza" yakimaanisha menejimenti. Hilo limezoeleka na silipingi, lakini katika insha inayotenganisha dhana litakuchanganyia mambo.

Utawala ndio wenye kisa. Kutawala ni kuwa na mamlaka juu ya watu au nchi, na mtawala ni mfalme au mfano wake. Ukisema meneja anatawala wafanyakazi, msikilizaji anamwona ameketi kwenye kiti cha enzi. Hata hivyo ofisi nyingi zina idara ya utawala, ile ya majalada, likizo, taratibu na nidhamu, na hapo neno limetulia vizuri. Mchanganyiko huu si wetu peke yetu. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyekuja kuwa mkurugenzi, alipochapisha nadharia yake mwaka 1916 aliipa jina lenye neno la Kifaransa linalolingana na utawala. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1949 ikaweka menejimenti mahali pa utawala. Kama hata tafsiri ya kitabu chake ilibadili neno, wewe una haki ya kusita.

Fayol huyo ndiye aliyetaja kazi tano ambazo vitabu vya menejimenti bado vinazizungukia: kuona mbele, kupangilia, kuamuru, kuratibu na kukagua. Nimesema "kuona mbele" makusudi. Kitenzi chake cha Kifaransa kina maana hiyo hasa, na sisi tukakitafsiri "kupanga", kisha kazi ya pili, ya kugawa kazi na kuunda vitengo, tukaiita "kupanga" vilevile. Mwanafunzi anabaki na "kupanga na kupanga". Kitenzi hiki kimebebeshwa mno: tunapanga safari, tunapanga viti, tunapanga chumba kwa mwenye nyumba. Ushauri wangu: sema kuweka mipango kwa ya kwanza, na kupangilia kazi na watu kwa ya pili. Wapo wanaoandika "kuandaa" kwa ya pili. Siipendi, kuandaa ni kutayarisha, nayo huisha shughuli inapoanza.

Kuamuru, waandishi wa baadaye wamekulainisha kuwa kuongoza. Kukagua kumekuwa kudhibiti, na hapa uwe macho kidogo. Kudhibiti kwa Kiswahili kuna harufu ya kuzuia: tunadhibiti moto, tunadhibiti wizi. Kazi inayotajwa ni kulinganisha kilichofanyika na kilichokusudiwa, kisha kurekebisha. Ukilitumia neno hili, lieleze hivyo mara moja mwanzoni.

Sasa jukumu. Mtaalamu wa Kanada, Henry Mintzberg, aliwafuatilia wakuu watano wa taasisi kuona siku zao zinakwenda vipi, na mwaka 1973 akaeleza sura kumi za kazi ya meneja: baadhi za kuhusiana na watu, baadhi za kupokea na kutoa habari, nyingine za kufanya uamuzi. Sura hizo niziite nini? Wajibu ni jambo linalokulazimu (na halina "mawajibu"). Majukumu ni yale uliyokabidhiwa na utakayoyatolea hesabu, kama yalivyo kwenye mkataba wa ajira. Wadhifa ni cheo. Kwa maana ya Mintzberg mimi huchagua dhima: dhima hii, dhima hizi. Kwa orodha ya Fayol, "kazi" inatosha, neno fupi lisilo na makuu.

Katika dhima hizo kumi kuna mitego miwili. Ile ya kuhudhuria sherehe na kutia saini kwa niaba ya taasisi wengine huiita "kiongozi wa jina tu", ambalo ni tusi. Andika mwakilishi wa heshima. Na anayejadili mikataba si mpatanishi. Mpatanishi hukaa katikati ya wawili waliogombana, ilhali meneja hapa ni upande mmoja wa meza na anavutia kwake. Mwite mjadili mikataba, au eleza tu kwamba anajadiliana kwa niaba ya taasisi.

Lile dogo linaloudhi ni "anacheza jukumu". Kwetu huchezwa ngoma, mpira na bao. Jukumu hutekelezwa, hubebwa, au hukwepwa.

Kama unataka taswira ya Kiswahili ya kufungulia insha yako, ipo. Neno meneja limetujia kupitia Kiingereza, lakini asili yake ni kitenzi cha Kiitaliano cha kuwashika na kuwafunza farasi, chenye mzizi wa neno mkono. Sisi nasi, bila kumuuliza Mwitaliano, tunasema fulani ameshika hatamu, na hatamu ni ukanda wa kumwongozea mnyama.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Meneja ana dhima muhimu katika kusimamia wafanyakazi na kupangilia kazi zao."