Imeili za Ajabuajabu Zimejaa, Nifute Akaunti?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Jimeili yangu imejaa makorokoro, mara umeshinda gari, mara mkopo wa haraka, mara kubeti, na kila nikibonyeza pale chini pa kujitoa ndo kwanza zinaongezeka. Niifute nifungue mpya? Shida benki na shule ya watoto wote wanaitumia hiyohiyo.
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Usifute bwana, utahangaika na benki bure na hao jamaa watakufuata hukohuko. Kwanza tenganisha. Kama ni duka ulilojiandikisha mwenyewe, jitoe tu, haina shida. Ila kama humjui, usibonyeze chochote humo ndani hata hapo pa kujitoa, maana ukibonyeza unamwambia tapeli kwamba hii anwani ina mtu na anasoma, ndo maana zako zinaongezeka. We fungua, nenda kwenye vidoti vitatu juu kulia, ripoti kuwa ni spamu, yani imeili taka, basi.

Na usione kama unajisumbua. Tangu Februari 2024 Google wamewabana wanaotuma imeili zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda jimeili, za matangazo lazima ziwe na sehemu ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3, yani watu 3 kwa kila imeili 1,000, wakizidisha zao zinaanza kutupwa spamu au kukataliwa kabisa. Kwahiyo kidole chako kinahesabika, kufuta kimyakimya ndo hakusaidii.

Za kuogopa hasa ni zile za "ndugu mteja akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, thibitisha hapa". Gusa jina la mtumaji uone anwani yenyewe, utakuta juu kaandika jina la benki alafu chini ni jimeili ya bure yenye manamba kibao, benki gani hiyo jamani! Ripoti, alafu wapigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, sio ile aliyokuandikia yeye. Wakihamia kwenye SMS, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", hizo ripoti TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040.

Ila folda ya spamu uwe unaichungulia, vitu vinajifuta baada ya siku 30 na saa zingine barua ya shule inaangukia humo, ukiikuta bonyeza kwamba sio spamu.