Binti yangu hana rafiki ughaibuni

SWALI: Binti yangu anasoma shahada ya uzamili huko Leeds, Uingereza. Wenzake wanamsalimia darasani, kisha kila mtu kwake. Anawaambia "karibuni kwangu", hawaji. Akipiga simu analia. Afanyeje?
Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Kule "karibuni" isiyo na siku huchukuliwa kama salamu tu. Aseme hivi: Jumamosi ya wiki ijayo, saa 12 jioni, napika pilau. Aalike watatu tu, na aulize mapema nani hali nyama. Vikombe viwili vya mchele vinawatosha. Akikaanga vitunguu hadi viwe kahawia, afungue dirisha na kufunga mlango wa jiko, maana moshi huo huwasha king'ora cha moto na bweni zima hutolewa nje, usiku wa baridi. Wakila vizuri, papo hapo wapange siku nyingine. Hapo ndipo wengi hukosea: wanangoja kualikwa.

Pia achague jambo moja la kila wiki, kwaya au mpira, asiliache. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na kujifungia chumbani ni rahisi mno.

Kuhusu simu, majira ya baridi Moshi iko mbele kwa saa tatu. Apige saa 11 jioni yake. Kwako ni saa 2 usiku, bado uko macho.

Kilio kikiendelea wiki mbili, mama, aende kwa washauri wa wanafunzi chuoni. Asione haya hata kidogo.