Ng'ombe wa bandani na wa malishoni: nani anachafua hewa zaidi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafuga ng'ombe wa maziwa watatu hapa Rungwe, chotara, wote wa bandani. Wawili wananipa lita tano tano kwa siku, wa tatu amekauka. Kijana wangu amerudi likizo kutoka chuo, anasema utafiti umeonyesha kwamba ng'ombe wa kufungiwa wanachafua hewa kuliko wa kuchungwa, na kwamba New Zealand wanalala nje mwaka mzima. Ardhi yangu ni ekari mbili, ya majani ni nusu ekari tu. Je, niwatoe nje?
Mama mfugaji, Tukuyu

JIBU: Shikamoo mama. Usiwatoe. Ng'ombe watatu kwenye nusu ekari watamaliza majani kwa siku chache, udongo utabaki wazi, na mvua za Rungwe unazijua. Tena kuna kupe. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, imeua chotara wengi, na ni sababu mojawapo kubwa ya wafugaji kuwafungia ng'ombe wao. Lakini kijana wetu ameuliza jambo la maana, na lina ukweli ndani yake. Ukweli wenyewe uko nyuma ya banda, kwenye lundo la samadi. Nitafika huko.

Kwanza tumbo. Majani yanachachuka kwenye tumbo kubwa la kwanza, vijidudu vya humo vinatengeneza gesi ya methani, na karibu yote inatoka mdomoni ng'ombe anapopiga mbweu. Awe bandani au porini, mbweu ni ule ule. Methani hukaa angani miaka 12 hivi, ila kwa hesabu ya miaka 100 kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 27 za hewa ukaa.

Kwa vipimo vinavyotumika kimataifa, kila kilo ya majani makavu anayokula ng'ombe hutoa karibu gramu 21 za methani. Sasa chukua hao wako wawili. Tuseme kila mmoja anakula kilo 9 kwa siku, ukiondoa maji yaliyomo kwenye majani. Kwa pamoja wanatoa gramu 378, nawe unakamua lita kumi. Ng'ombe mmoja aliyelishwa vizuri, anayekula kilo 12 na kutoa lita kumi peke yake, anatoa gramu 252. Maziwa ni yale yale, gesi imepungua kwa theluthi. Sababu ni kwamba kila ng'ombe hula kwanza ili aishi, na maziwa hutoka kwenye kinachobaki. Lakini nikuambie wazi: ukimlisha vizuri kila mmoja na bado ukabaki na watatu, jumla ya gesi itapanda, haitashuka. Faida kwa hewa inakuja pale tu unapofuga wachache wanaokamulika. Huyo aliyekauka, kama hana mimba, anakula majani ya wenzake. Mpimishe mimba wiki hii.

Kulisha vizuri kunaanza na umri wa majani. Mabingobingo, yaani majani ya tembo, yakifika kiunoni, kata. Nimeona mashamba mengi yakiachwa hadi yampite mtu kimo kwa sababu yanaonekana mengi. Bonyeza bua kwa ukucha: likipokea, sawa, ukucha ukiteleza, unamlisha kuni. Majani yaliyokomaa humeng'enywa polepole, ng'ombe anashiba mapema, maziwa yanashuka. Katikati ya mistari panda desmodiamu, lishe ya jamii ya mikunde. Inaongeza protini kwenye hori na naitrojeni kwenye udongo. Ukipata vipando vya brakiaria, aina ya nyasi za malisho, jaribu kwenye kingo. Asili yake ni Afrika, ikapelekwa Amerika ya Kusini ikaboreshwa, na sasa inarudi nyumbani. Mizizi ya baadhi ya aina zake hutoa kemikali inayozuia naitrojeni isigeuke haraka na kupotea, jambo lililothibitishwa na watafiti mwaka 2009.

Sasa samadi. Mavi yanayodondoka malishoni hukauka, hewa inapita, na methani yake ni kidogo sana. Mavi yale yale yakirundikwa yakiwa mabichi na kulowa, hewa ya ndani inakwisha na methani inazalishwa. Hapo kijana yuko sahihi. Pia mkojo una naitrojeni nyingi, na sehemu yake hugeuka naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo moja ni sawa na kilo 273 za hewa ukaa. New Zealand nako hawajasalimika: naitrojeni ya mkojo wa ng'ombe wa malishoni hugeuka naitreti inayobebwa na maji hadi kwenye mito, na mbolea ya viwandani huongeza tatizo hilo, hata Julai 2021 serikali yao iliweka ukomo wa kilo 190 za naitrojeni ya mbolea hiyo kwa hekta kwa mwaka.

Kwetu Afrika Mashariki, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, huko Kenya walipima mavi na mkojo malishoni wakakuta gesi ni kidogo kuliko ilivyokuwa ikikadiriwa kwa kutumia takwimu za nchi nyingine. Ila maboma ya wafugaji wa nyanda kavu, samadi inapojaa mwaka hadi mwaka, yanaendelea kutoa naitrasi oksaidi miaka mingi hata baada ya kuhamwa. Kwa hiyo angalia mavi yanaishia wapi.

Nenda nyuma ya banda mvua ikikatika. Ukiona maji meusi yanatiririka kutoka kwenye lundo, hiyo ni mbolea yako inakwenda kijitoni. Ezeka paa dogo juu ya lundo, hata la nyasi, au lifunike kwa majani ya migomba. Weka majani makavu au maranda pale ng'ombe wanapolala ili yanyonye mkojo. Chimba mfereji mdogo wa mkojo uende kwenye shimo lenye kifuniko, kisha uuchanganye na maji na kuumwagia mabingobingo mara tu baada ya kukata. Samadi ukiipeleka shambani, ifukie siku hiyo hiyo. Ukiweza mtambo wa biogesi, ng'ombe wawili au watatu wa bandani wanatosha kwa jiko la nyumbani, na methani ya mavi inaungua ikipika chai.

Anza na paa. Kijana akiwa bado likizo, akusaidie kuliezeka.