Panga alamisho kwa shida ya mteja, si kwa jina la ofisi

Mteja wa steshenari hapa Mtwara mjini haji kukuambia, "Nifungulie tovuti ya RITA." Anakuja na shida yake: "Dada, kijana kamaliza kidato cha sita, tunataka kuomba mkopo." Kwa hiyo alamisho, yaani kurasa nilizohifadhi kwenye Chrome za kompyuta za dukani, nimezipanga hivyo hivyo, kwa shida anayokuja nayo mtu. Folda za RITA (wanaosajili vizazi), za Bodi ya Mikopo, za NECTA (baraza la mitihani) kila moja kivyake sina. Nina folda iitwayo MKOPO, basi.

Ndani yake kurasa zimefuatana kama kazi yenyewe inavyokwenda. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, kwa hiyo ukurasa wa uhakiki wa RITA ndio wa kwanza. Unafuata mwongozo wa mwaka husika, kisha mfumo wa kuombea. Nimeziandika "1 Cheti", "2 Mwongozo", "3 Kuomba". Zile namba zina kazi yake: siku mtu akibonyeza kupanga kwa jina kwenye kidhibiti cha alamisho, mfuatano hauvurugiki. Tena binti anayenisaidia jioni hahitaji kuniuliza kinachofuata.

Ukibonyeza folda kwa gurudumu la mausi, kurasa zote zilizomo zinafunguka kwa mpigo. Mtandao ukiwa unasuasua usithubutu, utakaa unaangalia kiduara kinazunguka huku mteja anakuangalia wewe.

Majina yafupishe. Ukibonyeza nyota, au Ctrl na D, kivinjari kinachukua kichwa chote cha ukurasa, "Karibu kwenye Mfumo wa...", na upau wa alamisho, ule mstari wa juu chini ya anwani, unajaa kwa alamisho chache tu. Wapo wanaoshauri ufute jina lote ibaki picha ndogo peke yake. Kwa YouTube au Gmail sawa. Kwa kazi zetu sisi haifai, maana tovuti nyingi za serikali zinatumia nembo ile ile ya taifa. Utabaki na safu ya nembo zinazofanana usijue ipi ni ipi. Acha hata herufi mbili.

Na unapohifadhi, hifadhi ukurasa wa kuingilia. Ule unaouona ukishaingia kwenye akaunti mara nyingi kesho yake hautafunguka, utaambiwa muda umeisha.

Kuna anayeniuliza kwa nini nijisumbue wakati Google ipo. Andika "ajira portal", mfumo wa kuombea kazi serikalini, kwenye Google uone kinachokuja: ukurasa wenyewe umo, lakini pembeni yake kuna blogu chungu nzima zenye matangazo, na nyingine zinaomba namba ya simu kabla hujasoma chochote. Mzee aliyetoka Nanyamba na vyeti vya mwanawe kwenye bahasha hawezi kuzitofautisha. Mimi naiangalia anwani mara moja, nahakikisha inaishia na go.tz, naihifadhi, na kutafuta tena ndiyo basi.

Sasa hili ni la wenye kompyuta za kutumiwa na watu wengi. Mteja akiingia kwenye Gmail yake ndani ya Chrome halafu akakubali kila anachoulizwa, alamisho zake zinaweza kuchanganyika na zako. Wengi hukimbilia dirisha la mgeni (Guest), ila humo alamisho zako hazionekani kabisa, kwa hiyo kazi yote ya kupanga inakuwa bure. Tumia dirisha fiche (Incognito): Ctrl, Shift na N. Upau wako unaonekana ukibonyeza Ctrl, Shift na B, na mkifunga madirisha fiche yote, akaunti ya mteja inatoka yenyewe. Kwangu mteja hahudumiwi kwenye dirisha la kawaida.

Folda zenyewe huwa nazihamisha kufuata msimu, ni kuvuta kwa mausi tu. Januari MATOKEO inakaa mwanzo kwa ajili ya kidato cha nne. Katikati ya mwaka ni MKOPO. Ikifika Oktoba minada ya korosho ikianza, KOROSHO inasogea mbele, maana kila mwenye mzigo ghalani anataka kujua bei ya mnada imesimama wapi. Facebook sijaiweka popote kwenye upau. Anayeitaka anaijua njia.

Kabla fundi hajaipiga Windows upya, fungua kidhibiti cha alamisho kwa Ctrl, Shift na O, bonyeza vile vidoti vitatu vya juu kulia, chagua kuhamisha alamisho. Linatoka faili moja dogo, liweke kwenye flashi. Firefox nayo inalisoma, na hata kompyuta mpya ukinunua unaliingiza humo, folda zinarudi na mpangilio wake.