Gia nyepesi za kupanda Riat

Pole na magoti yanayokuuma mlimani, kaka; umeuliza utapataje gia nyepesi. Baiskeli yako ya miaka ya 1980 yenye meno 52 na 42 mbele, na 14 hadi 24 nyuma, ilitengenezewa miguu ya vijana wa mashindano, si mtu anayetoka kazini Kisumu akipanda mlima wa Riat kuelekea Kiboswa.

Usiguse mbele kwanza. Kubadilisha mikono ya pedali kunakula pesa, na mara nyingi ekseli ya pedali nayo inadai kubadilishwa. Nunua friwili (kile kifurushi cha gia za gurudumu la nyuma) ya gia sita yenye meno 14 hadi 28, ile ile ya baiskeli za kawaida za milimani. Kwa 42 mbele na gia kubwa kabisa nyuma, kila mzunguko wa pedali ulikuwa unazungusha gurudumu mara 1.75, sasa ni 1.5. Utaisikia tofauti. Deraila (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kati ya gia) fupi ya zamani kwa kawaida hubeba 28, lakini ukitaka 34 tafuta yenye mkono mrefu, hata mtumba.

Pima cheni: izungushe kwenye gia kubwa mbele na kubwa nyuma bila kuipitisha kwenye deraila, kisha ongeza pingili mbili. Fupi itang'oa deraila.

Kutoa friwili kuukuu ndiyo kazi. Fundi mmoja aliigonga yangu kwa patasi na nyundo hadi mapengo yake mawili yakalika, nikabaki na gurudumu la kupamba ukuta. Dai kifungulio chake halisi, kibanwe kwa nati ya ekseli ya gurudumu, na kama gurudumu linasukwa upya, afungue kabla spoku hazijatolewa.